Muhidini Anatoka

Chuo chetu kina madarasa matatu na kitanda kimoja cha kuchulia misuli. Wanaotucheka husema tunasomea kubeba maji ya wachezaji. Mimi nasomea tiba ya michezo, na wao waendelee kucheka.

Kwa mafunzo ya vitendo nilipangiwa timu ya Fukayosi, kwa kocha Mwinshehe. Wiki sita, kisha anisainie fomu. Bila saini yake narudia mwaka. Tangu siku ya kwanza alisema mwanamke kwenye benchi anaharibu kazi ya kamati ya ufundi. Kamati yenyewe ni mganga wa timu, Mzee Msabaha, na chupa yake ya mizizi.

Siku ya fainali, kule Makurunge, wachezaji wetu waliruka ukuta badala ya kupita getini, wakaingia uwanjani kinyumenyume. Mzee Msabaha akatoa agizo: hao kumi na mmoja wasipunguzwe wala kubadilishwa mpaka mapumziko. Akitoka mmoja, dawa imeharibika. Kila mtu na imani yake, na ukuta wenyewe ulikuwa mfupi.

Dakika ya ishirini, Muhidini, beki wetu, aligongana vichwa na mshambuliaji wao. Nilisikia mlio wa vichwa mpaka kwenye benchi. Nikakimbia na sanduku langu, baibui nimelikunja kiunoni.

"Muhidini, leo tunacheza na nani?"

"Mbegani," alisema. Mbegani tulicheza nao juma lililopita.

Nikamwonyesha mwamuzi kwa mkono kwamba huyu anatoka. Kocha akaja mbio, akampita mgonjwa, akasimama mbele yangu.

"Mmwagie maji ainuke. Zimebaki dakika ishirini na tano tu kufika mapumziko."

"Kocha, ubongo umetikisika. Akigongwa tena anaweza kufa."

"Binti, hukusikia kamati ilivyosema?"

"Nimesikia. Basi kamati iingie icheze."

Waliokuwa karibu wakaguna. Kocha akashusha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. "Hafidha, saini yangu unaitaka au huitaki?"

Niliitaka. Wallahi niliitaka, maana baba alikwisha kunikatalia chuo mara mbili, na kurudia mwaka ni kumpa sababu ya kuniweka nyumbani. Muhidini, maskini, akajaribu kusimama, akaangukia goti. Nikamlaza, nikaketi kwenye nyasi, nikamshika kichwa kwa mikono miwili, nikapaza sauti hata walio golini wanisikie:

"Siinuki hapa mpaka machela ije! Mkitaka kucheza, chezeni juu yangu!"

Machela ikaja. Uwanja mzima ulinizomea, wetu na wao. Mzee Msabaha akatema mate nilipompita.

"Fomu yako siisaini," Kocha alinifuata mpaka kwenye bajaji ya kutupeleka hospitali. "Na mwakani nisikuone."

"Mwakani utaniona, Kocha. Nitaomba nipangiwe hapahapa."

Njiani Muhidini alitapika mara mbili. Hatujafika hata barabara kuu nikasikia uwanja ukilipuka nyuma yetu, na kelele zile hazikuwa za watu wa Fukayosi.

"Dada, tumeshinda?" aliniuliza.

"Tumeshinda."

Baada ya kitambo kidogo alikuwa amesahau, akauliza tena. Nikamjibu tena kwamba tumeshinda, na sikuwa namdanganya: alikuwa bado hai wa kuuliza.