Jina Nililolifuta Kwenye Programu ya Stoo

Naapa kiapo kizito, na mashahidi ninao: haya yote ni kweli tupu. Asiyeamini akamuulize mke wangu, ila asiende asubuhi.

Nilipostaafu kazi ya stoo ya dawa, miaka thelathini na miwili bila kupoteza hata kidonge, nilijifundisha mwenyewe kuandika programu. Siku tatu tu. Siku ya nne nikaizaa programu ya kutunza stoo za zahanati: inahesabu dawa na kukuonya zinazokaribia kuisha muda. Nikaitoa bure, kwa leseni ya wazi: tumia, badilisha, mpe mwenzio, ila usifute jina la mwandishi, na ukiiboresha, maboresho yawe wazi kwa wote. Zahanati arobaini zikaichukua. Mtaani wakaniita Injinia. Sikuwakataza.

Asubuhi moja akaja muuguzi wa zahanati ya jirani, uso umemshuka.

"Injinia, ile kampuni iliyotuwekea toleo lake mwaka jana, lile la rangi nzuri na ripoti, imeleta barua. Wanasema programu ni yao. Tulipe kila mwaka, la sivyo wanazima mwezi ujao."

"Wazime nini? Ile ni ya bure!"

"Kawaambie wao. Mimi nina friji moja ya chanjo na kabati la dawa. Hela hiyo naitoa wapi? Nirudi kwenye daftari?"

Nikaenda kuifungua kwenye kompyuta yake. Ilikuwa ile ile, imepakwa bluu, na palipokuwa na jina langu pana jina la kampuni. Nikawapigia simu papo hapo, wakanipa siku ya kukutana.

Siku ya kukutana nao tulikwenda na muuguzi, tukapelekwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu, kwa sababu ndiye mwenye gari. Anafundisha kompyuta chuoni, na maneno yake huyatoa kwa kijiko.

"Baba, una uhakika unataka kwenda?" aliniuliza njiani.

"Mwenye haki haogopi."

"Haya." Akakaza macho barabarani.

Ofisi yao iko ghorofa ya thelathini. Tulimkuta meneja na mwanasheria wake. Sikungoja hata kiti.

"Leseni inasema anayefuta jina la mwandishi, ruhusa yake imekufa siku hiyo hiyo! Mtu wa kufuta jina la mwenzake ni mwizi, tena mwizi asiye na haya!"

Mwanasheria alitabasamu, akanigeuzia kompyuta. "Umenena vyema, mzee. Hebu tazama. Pale mtandaoni programu yako inapohifadhiwa, kila badiliko linabaki na tarehe yake. Toleo la kwanza lina jina la mwanamke. La pili, miezi sita baadaye, jina hilo limefutwa, limewekwa lako. Kingine kilichobadilika ni rangi ya kitufe kimoja."

"Kijani," alisema mkwe wangu. "Baba anapenda kijani. Na hilo jina ni langu."

Nilitamani sakafu inimeze. Mkwe aliniwekea programu yake nipate cha kuchezea baada ya kustaafu, nami nikaifanya mwanangu wa kuzaa. Tena mimi, mtu wa stoo! Kwenye daftari la stoo hufuti hata siku moja. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa lisomeke, unatia saini pembeni. Nimewafokea makarani wangapi kwa ajili ya ufutio!

"Basi mzee hana haki ya kudai chochote," alisema meneja. Muuguzi akachukua mkoba wake.

"Yeye hana," alisema mkwe. "Mimi ninayo. Rudisheni jina, na ripoti mlizoongeza ziwekeni wazi. Mkitaka kuuza huduma ya ufundi, uzeni, wala sina kinyongo. Kuzima, hapana."

Wakanong'onezana. Mwanasheria alikuna kidevu, akatikisa kichwa kukubali. Meneja hakutaka kuondoka mikono mitupu: "Na ukichoka kuitunza? Vya bure hufa na wenyewe."

"Ina mtunzaji." Mkwe akanitazama. "Ana deni."

Tulipokuwa tukishuka ngazi nilimuuliza kwa nini alinyamaza miaka miwili yote.

"Nilikuwa nangoja useme wewe, baba."

"Na ruhusa yangu? Nayo si imekufa?"

"Imekufa. Nitaifufua ukipokea simu za zahanati kila siku mpaka saa sita mchana, na ukiandika mwongozo. Ukurasa wa kwanza ueleze programu ilivyozaliwa. Kweli tupu."

Ndio huu unaousoma. Mkwe ameshaupitia. Ghorofa si ya thelathini, ni ya pili. Siku tatu zilikuwa miezi mitano, na nilichojifunza ni kubadilisha rangi ya kitufe. Vidonge tusivizungumze. Nimepiga mstari, nimetia saini.

Sasa simu inalia, ya nane tangu asubuhi.

"Hapana, mama, Injinia ni mkwe wangu. Mimi ni karani wake. Bonyeza hicho kitufe cha kijani."