Mashine Isizimwe

Siku Zedekiah alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka kule Karen, asirudi tena, mkewe Nakhumicha alikuwa amelala nyumbani Riruta na mrija kinenani. Daktari alikuwa amemtoa tezi zenye saratani, na kidonda kikakataa kufunga. Maji ya manjano yakawa yanachuruzika hadi kulowesha godoro. Ndipo akawekewa sponji juu ya kidonda, ikafunikwa kwa plastiki, na mashine ndogo ikaanza kuyafyonza maji hayo hadi kwenye kikopo.

"Isizimwe," alionya Jacklyne, nesi wa hospitali ya mjini. "Maji yakikauka kufikia Alhamisi, nitakutoa mrija uende kwao Kimilili ukamzike mzee wako. Yasipokauka, mama, huendi popote."

Jumatatu kikopo kilifika nusu. Jumanne, robo. Nakhumicha alikichungulia hata katikati ya maombi, mashine ikinguruma chini ya leso huku waombolezaji wakiimba. Macho yake yalikuwa makavu, na watu wakaliona hilo.

"Mjane gani halii?" Maurine, dada ya Zedekiah, alinong'ona ili wote wasikie. "Ni hiyo mashine. Inamnyonya maji yote, machozi yatatoka wapi?"

"Wifi, niachie mashine yangu."

"Haya, endelea. Kimilili watasema kaka yangu alioa jiwe."

Jumatano mchana, dawa ya maumivu ilipomlaza Nakhumicha, Maurine aliingia polepole, akabonyeza kitufe. Mashine ikanyamaza. Akarudi kuchambua mchele, moyo mweupe kabisa.

Nakhumicha aliamka amelowa hadi kiunoni. Plastiki ilikuwa imebanduka. Alipoona taa ya mashine haiwaki, alilia kwa sauti ambayo hakujua anayo, akimwita Zedekiah kwa jina.

Maurine alikuja mbio, uso umechangamka. "Si nilisema? Lia, wifi, lia!"

Kisha akaliona shuka.

Alhamisi Jacklyne aliweka sponji mpya, akawasha mashine, kikopo kikaanza kujaa upya. "Ukikaa safari yote hiyo, kidonda kitaoza," alisema bila kumtazama. "Pole, mama."

Ijumaa gari lililobeba jeneza liliondoka. Kabla halijaingia Barabara ya Naivasha, Maurine aliomba lisimamishwe, akashuka na mfuko wake, akarudi kwa miguu.

Zedekiah alizikwa Jumamosi. Mashine bado inanguruma. Kila jioni Maurine huichomeka kwenye umeme ipate chaji, kisha husimama hapo hadi taa ya kijani iwake.