Halisimami

Mjane wa dereva aliinua cherehani yake kutoka mezani, akaiweka sakafuni pembeni ya kabati, kisha akaifuta meza kwa kitambaa kikavu ili vumbi la nyuzi lisije likanasa kwenye gundi. Magauni ya wateja yalikuwa yameisha, yamepigwa pasi, yananing'inia yakingoja wenyewe. Angeweza kupumzika, lakini kupumzika kulikuwa kumemshinda tangu msiba. Akikaa, anakumbuka jambo la kuinukia. Akiinuka, halioni tena. Ndipo alipovuta boksi lililokuwa chini ya kitanda.

Lilikuwa boksi la marehemu mumewe. Juu yake palichorwa gari la kutembelea sayari nyingine: magurudumu sita, kila moja na mguu wake kama wa buibui, kibanda cha kioo mbele, na dereva mdogo ndani yake. Lakini ndani ya boksi hapakuwa na gari. Palikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha, vimeshikana kwenye vijiti kama zabibu kwenye kichala, vingine vidogo kama punje za ufuta. Maelekezo yaliandikwa kwa lugha ambayo hakuna mtu mtaani aliyeijua, ila picha zilijieleza. Marehemu alikuwa akisema ataliunda akistaafu.

Hakustaafu. Lori lake la kubebea kokoto lilishuka mteremko wa machimbo bila kupunguza mwendo, likaingia kwenye ukuta wa ofisi ya mizani. Kampuni ikasema ni uzembe wa dereva. Neno hilo lilitamkwa mara moja tu, kwenye kikao, likatosha. Watu walilichukua wakatembea nalo. "Maskini, mwendo kasi huo," walimwambia mjane, kwa huruma iliyouma kuliko tusi. Na lori lenyewe lilinyooshwa, likapakwa rangi ya kijani, akakabidhiwa mdogo wake marehemu. Hilo ndilo lililomkosesha mjane utulivu. Aliyekwenda alikuwa amekwenda, Mungu amrehemu. Huyu, shemeji yake, alikuwa bado anakula chakula alichompikia.

Kazi ya kuliunda gari la boksini ilikuwa ngumu. Alikata vipande kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akasugua makovu kwa msasa wa kucha, akapaka gundi kwa ncha ya sindano. Kila mguu ulikuwa na viungo vinne, na kiungo kimoja kikikosea mkao, mguu mzima unatazama kando kama mtoto aliyenuna. Kipande kikimponyoka, alikitafuta sakafuni kwa ile sumaku yake ya kuokotea pini, mpaka alipokumbuka kwamba plastiki haijui sumaku. Alijiambia kuwa subira yavuta heri, lakini vidole havikumsikiliza. Aliachia kabla gundi haijakauka, mguu ukaanguka, akaanza upya.

Yule dereva mdogo alimuunganisha mwisho. Kichwa, kiwiliwili, mikono miwili, mguu wa kushoto. Kwenye mguu wa kulia gundi ikamwishia, akauchomeka hivyo hivyo. Alipomgeuza aone kama shingo imekaa, akayaona mabega: la kushoto chini kidogo ya la kulia. Alikuwa ameshona mashati mengi ya mabega hayo, na kila shati alilipunguza upande mmoja. Akamkalisha kwenye kiti chake, akafunga kioo.

Shemeji alipitia mchana, vumbi la kokoto limemjaa mpaka kwenye kope.

"Hodi, shemeji. Bado uko na mende wako?"

"Karibu. Maji yako mtungini. Nimemaliza, ila halisimami. Tazama, gurudumu moja liko hewani."

Shemeji alikuwa ameshainua kikombe. Akakishusha bila kunywa.

"Umesemaje?"

"Nimesema halisimami."

"Ndivyo kaka alivyowaambia gereji. Nilikuwepo. Alimwambia Bwana Baadaye, 'Mkuu, gari halisimami.' Wakampa magogo mawili ya kuzuia matairi akiegesha, eti ndiyo lisimame."

Bwana Baadaye alikuwa mkuu wa gereji ya kampuni. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limesahaulika.

"Lakini yeye alimaanisha breki," mjane alisema.

"Alisema halisimami, shemeji. Neno ni hilo hilo. Lisiloweza kukaa wima halisimami, na lisilokoma kwenda halisimami. Wao wakachukua maana ya magogo. Ndiyo rahisi."

"Kwenye kikao hukusema?"

"Nilisema. Wakaniuliza, 'Si alipewa magogo?'"

"Na wewe sasa ukikanyaga, linasimama?"

"Linasimama. Linafikiria kwanza." Shemeji akacheka, akaona amecheka peke yake, akanywa maji.

Mjane alisogeza pasi ya moto karibu na ule mguu mfupi wa gari, plastiki ikalainika, akauvuta taratibu mpaka gurudumu likagusa meza. Gari likasimama kwa magurudumu yote sita. Kisha likaanza kwenda. Halikuwa na injini wala betri. Lilifika ukingoni mwa meza, likapapasa kwa miguu ya mbele, likashuka kwa kufuata mguu wa meza, likapita chini ya kitanda na kutokea upande wa pili. Shemeji aliinua miguu yake lipite.

"Sasa limesimama," alisema. "Ila halisimami."

Mjane aliliokota. Magurudumu yaliendelea kuzunguka hewani. Ndani ya kioo, mguu wa kulia wa dereva ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, akikanyaga kwa uzito wake wote hata akainuka kidogo kitini. Shemeji alisogeza uso karibu.

"Ni yeye?"

"Mabega ni yake."

"Amepungua."

"Tumepungua wote," mjane alisema, akamrudisha sakafuni, maana hakupenda kumkatisha mtu akiwa kazini.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Gari lilipita jikoni, likapanda sufuria, likashuka, likazunguka miguu ya kabati. Mjane alipokuwa kwenye sala alisikia magurudumu yakipita nyuma yake, akaomba kwa kifupi kuliko kawaida, kisha akaomba radhi kwa kufupisha. Wateja walilizoea. Mmoja alilalamika tu kwamba lilimkanyagia pindo. Mjane hakulizuia. Kila alipoinama kutazama, mguu ule ulikuwa ukikanyaga, na kila alipoinuka alifikiria mguu mwingine, ule wa shemeji.

Asubuhi moja alilitia kwenye kikapu, akafunika kwa kanga, akaenda gereji. Kikapu kilimvuta njia nzima kama mbuzi asiyetaka kamba.

Bwana Baadaye alimkaribisha vizuri. Alimpangusia kiti, akampa pole ya msiba. Mjane akaliweka gari mezani kwake. Likapanda simu, likashuka, likauvuka mkebe wa kalamu. Bwana Baadaye alihamisha kikombe chake cha chai ili kisimwagike, akavaa miwani.

"Mtazame dereva," mjane alimwambia.

Alimtazama kwa makini, kwa sababu alikuwa fundi kabla ya kuwa mkuu.

"Anakanyaga breki," alisema. "Tena kwa nguvu, maskini."

"Unamjua?"

"Nitaachaje kumjua? Ni dereva wetu. Bega lile lilikuwa linatoka dirishani kabla ya lori kufika."

"Kama unamwona anakanyaga, basi lifuteni lile neno. Uzembe."

"Aa, mama. Kikao kilishafungwa. Hilo tutaliangalia baadaye."

"Na lori analoendesha shemeji yangu?"

"Hilo usiwe na wasiwasi. Tumelipatia magogo mapya, ya mti mgumu." Akalifuata gari kwa macho. "Hili lako halisimami kabisa?"

"Halisimami."

Bwana Baadaye, kwa moyo safi, alichukua njiti mbili za kiberiti akaziweka mbele ya magurudumu. Gari likazipanda likaendelea. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamrudishia mjane, akamfungulia mlango.

Uwanjani lori la kijani lilikuwa linanguruma, limejazwa kokoto. Shemeji alikuwa juu kwenye usukani, mkono mmoja nje. Mjane alisimama mbele ya lori, kikapu kinamvutavuta.

"Shemeji, toka huko mbele," shemeji alimwambia kwa sauti ya chini. "Unajua tabia yake."

"Ndiyo maana nimesimama hapa. Shuka."

"Nikishuka atapanda mwingine."

"Shuka kwanza, huyo mwingine tutamwombea."

Madereva wengine walianza kupiga miluzi. Mmoja akauliza kama shemeji anaendeshwa na mjane siku hizi. Shemeji aliwatazama, akaitazama kanga iliyokuwa ikitembeatembea juu ya kikapu, akazima injini. Akashuka. Alitupa funguo kwenye meza ya Bwana Baadaye, na funguo hazikupata muda wa kupoa, zikachukuliwa na kijana aliyekuwa akingoja kazi nje ya geti tangu mwaka wa jana. Shemeji akapata kibarua cha kupakua magunia, akawa anarudi na mgongo unaouma, anakula, analala. Mjane alishukuru Mungu kwa mgongo ule.

Mwezi haukuisha, mke wa yule dereva mpya akaja kushonesha gauni. Alikuwa mchangamfu, ana mimba changa ambayo hakuitaja, lakini kanda ya kupimia iliitaja. Mjane alimpima mabega, akapima mkono, akatafuta pa kuanzia, akaona bora aanze palepale.

"Mwanangu, mwambie mumeo jambo moja. Akienda gereji asiseme halisimami. Hilo neno wataligeuza. Aseme wazi kwamba breki hazishiki."

Mke wa dereva aliinua mikono ili kanda ipite chini ya kwapa.

"Alishasema, mama. Alisema hivyo hivyo, breki hazishiki."

"Wakamjibuje?"

"Bwana Baadaye akamwambia, 'Kama hazishiki, zishike wewe. Kazi ya dereva ni nini?'"

Gari la sayari lilitoka chini ya cherehani likapita kati yao. Mke wa dereva aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, bila kukatisha maneno.

"Gauni nalitaka la harusi ya mdogo wangu," alisema. "Unipe nafasi kidogo kiunoni."

Nje, kule machimboni, lori lilikuwa linashuka mteremko. Walilisikia likikaza sauti, wakatega sikio wote wawili, kanda imelegea mkononi mwa mjane, mpaka mlio ulipofika chini na kupotea upande wa mizani.

"Limefika," mke wa dereva alisema.

"Leo limefika," mjane alisema, akamwomba ageuke ampime mgongo.