Ngozi kwenye Ulimi wa Kengele

Jeneza la mume wangu lilipita chini ya mnara, nami nikainua uso kungoja kengele. Ndege iliyokuwa ikishuka uwanja wa Heathrow ilinguruma juu yetu. Ilipokwisha kupita, nilisikia viatu vya wabebaji kwenye changarawe, basi.

Kanisa letu, nje kidogo ya Hayes, lina miaka mia nane. Kijiji cha wakulima waliolijenga kimemezwa na maghala na barabara. Limebaki lenyewe, na makaburi yake, na kengele zake.

Ambrose, mume wangu, alianza kupanda mnarani kwa sababu wapigaji kengele wazee walikuwa wanakwisha, na yeye, mpakia mizigo uwanja wa ndege, alikuwa na mikono. Akamvuta na Hillary, Mkenya aliyefanya naye kazi. Hillary akivuta kamba kabla ya zamu yake, Ambrose alimwambia aache kukamua, ng'ombe wamebaki Eldoret.

Wapigaji wana desturi ya kale. Mwenzao akifa, hufunga ngozi upande mmoja wa ulimi wa kila kengele, kile chuma kinachoigonga kwa ndani. Pigo moja hulia wazi. Linalofuata hufifia, kama mtu aliyekwisha kuvuka kilima. Ambrose aliipenda sana. Kwetu Muheza pia kengele ya kanisa humlilia mfu, na alisema hapo ndipo alipoacha kujiona mgeni.

Alipougua aliomba jambo hilo moja tu. Hillary akamshika mkono mbele yangu. "Nitafunga ngozi mwenyewe, ndugu yangu."

Baada ya maziko tulikunywa chai ukumbini. Kasisi, Mwingereza mpole, alinijia akaniambia kwamba ukimya ule ulimhuzunisha, lakini Hillary alikuwa amemweleza: kwa mila zetu, kengele msibani ni mwiko. Hakuona kuwa ana haki ya kuuliza zaidi.

Nilimjibu ahsante. Chai ilinipoa mkononi.

Hillary hakuwepo. Yeye na wapigaji wenzake walikuwa katikati ya jiji, wamealikwa kupiga kengele za harusi kwenye kanisa kubwa, nafasi aliyoitamani miaka mingi. Alikuja kwangu jioni, ua jeupe bado limechomekwa kotini.

Sikumkaribisha kiti. "Ulimwambia kasisi tuna mwiko?"

Alitazama zulia. "Shemeji, siku ziligongana. Wale hawangeningoja. Na Ambrose... aliyekufa hasikii."

"Mimi nilikuwa nasikiliza."

Akalia. Sikumbembeleza. Wala sikwenda kumweleza kasisi. Sikutaka jina la Ambrose lizungushwe kwenye vikao, watu wakipima nani alikosea.

Ni mwaka wa tatu sasa, na Hillary ndiye kiongozi wa mnara. Jumapili kengele zinapoita, mimi hukaa kituo cha basi ng'ambo ya barabara. Mabasi husimama, nami huyapungia yaende. Zikinyamaza, ndipo huvuka na kuingia.

Kasisi ameliona hilo. Ameniwekea nafasi karibu na mlango, na juzi aliniinamia, akasema taratibu nisijisumbue hata kidogo kwa kuchelewa. Anafahamu kwamba kwetu watu hawakimbizani na saa.

Nilimshukuru, nikafungua kitabu cha nyimbo.