Studio ya Magunia

Kijijini Endagikot hakuna aliyewahi kuomba muziki wa roki, na Gidion hakungoja kuombwa. Alikuwa na miaka ishirini na tatu, gitaa la umeme la mtumba, kompyuta iliyopasuka kioo, na ubishi wa kutosha kijiji kizima. Majirani waliposikia gitaa likikwaruza walimuuliza mama yake, Konsolata, kama kijana ameleta mashine ya kusaga mbovu. Mjane yule alicheka nao, kisha akawaambia mwanawe anajua anachofanya. Hakuwa na hakika na hilo, lakini mama ni mama.

Shida ya Gidion ilikuwa mwangwi. Akirekodi sebuleni, bati linamjibu; akirekodi jikoni, jogoo anaingilia kati. Mwaka huo mahindi yalipovunwa, magunia ishirini na mawili yakapangwa stoo mpaka karibu na dari. Gidion aliingia kutafuta jembe, akapiga kofi moja, na kofi likafia palepale. Alisimama mle ndani akitabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Mwezi huohuo jamaa mmoja wa Nairobi, mwenye lebo ndogo ya kutoa muziki, alisikia wimbo wake mtandaoni akamwandikia: lete nyimbo nane kabla Septemba haijaisha, nitakutolea albamu. Gidion alikuwa na mbili.

Akahamia stoo. Kelele za bodaboda zilipenya kwenye matundu mawili ya hewa, basi akayaziba kwa nailoni na mablanketi, na mlangoni akapigilia godoro. Mahindi yale yalikuwa yamepukuchuliwa kabla hayajakauka sawasawa, maana manyunyu ya Julai yaligoma kuisha.

"Baba, haya mahindi yanataka hewa," Konsolata alimwambia. "Tuyatoe tuyaanike."

"Yakitoka, mama, stoo inaanza tena kupiga mwangwi. Nipe wiki mbili tu."

"Wiki mbili kweli?"

"Kweli, mama."

Zikawa saba. Tusimwonee, kazi aliifanya. Alipiga gitaa mpaka vidole vikachubuka, ngoma akazitengeneza kwenye kompyuta, mstari mmoja akauimba mara arobaini. Alitoka kula tu. Mdogo wake, Zita, alimwekea mezani ugali mweupe umefunikwa, naye akala huku hedifoni ziko masikioni. Harufu ya uvundo mle stoo aliisikia, akajiambia ni godoro. Moyoni alijua siyo, ila aliahirisha kujua.

Wimbo wa nane aliumaliza tarehe ishirini na sita Septemba, akautuma asubuhi. Mchana Konsolata alishindwa kuinuka kitandani. Gidion alipomwangalia vizuri, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, aliona macho ya manjano na tumbo lililovimba.

Hospitalini daktari aliuliza habari za chakula, akaagiza sampuli ya mahindi iletwe, na watoto wote wawili wapimwe damu. Siku ya nne, kabla jua halijachomoza, Konsolata alifariki. Aliondoka bila maneno mengi. Aliomba maji, akanywa kidogo.

Daktari aliwaita chumbani kwake baada ya saa moja.

"Poleni sana, wanangu. Ni sumukuvu, ile sumu ya mahindi yaliyoota ukungu. Imemaliza ini." Alifunua karatasi nyingine. "Ila ninyi wawili damu yenu haina neno. Mlikuwa mnakula wapi?"

"Nyumbani, daktari," alijibu Gidion. "Sufuria moja na mama."

Zita alianza kulia. "Siyo sufuria moja, kaka."

"Unasemaje?"

"Usiku ukilala, alikuwa anachota mahindi stoo na kuyachambua. Mazuri alisaga ya kwetu. Yenye ukungu aliosha, akasaga, akapika yake pembeni. Alisema mkulima hatupi mahindi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka. Alinikataza. Alisema, 'Mwache, akijua ataacha, na zimebaki nyimbo tatu.'"

Gidion alitaka kusema kwamba angeacha, kwamba angelivuta lile godoro siku hiyohiyo na kubeba magunia yote nje kwa mgongo wake. Alifungua mdomo. Akazikumbuka zile nyimbo tatu, jinsi alivyokuwa akizitaka, na hakuwa tena na uhakika kwamba angeacha.