Mama Kwanza, Mtoto Baadaye

Jirani yetu, Mama Pacha, anasema nilimwacha mama mwenye kichanga amesimama saa nzima, huku mimi nimeikodolea kompyuta macho. Huyo wa darasa la saba kazi imemshinda, anasema. Mama Pacha na chumvi hawaachani.

Saa nzima si kweli. Dakika sita ni kweli. Niko dirisha la kadi, kliniki ya watoto. Mama akifika namuuliza jina lake, naandika, kigurudumu cha kusubiri kinazunguka kwenye kioo, naye anamhamisha mtoto bega hili hadi lile. Nyuma yake wako arobaini. Sista mkuu aliniambia kwa upole, na upole wake ndio ulionichosha zaidi: foleni isipopungua hadi Ijumaa, hapa atakaa mwingine, aliyesoma.

Mfumo wa kutafutia kadi kwenye kompyuta aliuandika kaka yangu. Alikuja Jumapili, akafungua faili analoliita modeli, lenye orodha ya mambo yanayowekwa kwa kila mtoto: jina, mama, simu, chanjo. Chini akaongeza mstari mmoja. Hiyo ni faharasa, akasema, kama ile ya nyuma ya kitabu. Bila hiyo kompyuta inapekua kadi zote laki mbili. Kwenye mstari huo akaandika jina la mtoto, kisha la mama. Akajaribu jina la mwanawe, likatoka hapo hapo. Akanitania kwamba sasa nitasinzia kazini.

Jumatatu kigurudumu kilizunguka vilevile. Nikakaa nikitazama. Nikiandika jina la mtoto, linatoka. Nikiandika la mama peke yake, ngoja ngoja. Nikakumbuka kabati letu la zamani. Kadi zilipangwa kwa mama, maana vichanga wengi huja bado hawana jina. Kumbe kaka amepanga kwa mtoto kwanza. Aliye na jina la mama tu hana pa kuanzia.

Nikampigia.

"Kaka, geuza. Mama atangulie."

"Leo wewe ndiye unanifundisha kazi?" Alicheka kicheko cha mtu ambaye hajalala.

"Sikufundishi, kaka. Hawa watoto hawajapewa majina."

Akasema ataangalia.

Leo ni Ijumaa. Sista mkuu amepita mara mbili, akiihesabu foleni kwa macho. Nimemwandikia kaka: "Mstari mmoja tu, tafadhali. Leo ndiyo mwisho." Alama zimegeuka bluu, amesoma. Simu nimeilaza kando ya kibodi, kioo juu. Namuuliza mama wa mbele jina lake, naandika, kigurudumu kinaanza.