Vitanzi vya Nadine

Orville Pruitt alikuwa amekata mpini wa mswaki wake na kung'oa lebo zote za nguo, ili mzigo uwe mwepesi akipanda milima ya Tennessee. Tumbo lake mwenyewe, ambalo lingepungua kilo kumi bila mtu kulia, hakuligusa.

Miaka minne alimbembeleza mkewe, Nadine, waende wote kulala kwenye bembea za kamba msituni. Nadine, na goti lake lililopasuliwa, alikataa katakata. Safari hii alikubali kwa sharti moja.

"Ukiniangusha, Orville, narudi nyumbani, na huko hunioni tena mpaka nazikwa."

Orville akaapa. Wikendi za upweke zilishamchosha, na alimtaka sana mkewe pale, ingawa mapenzi yenyewe aliyaonyesha kwa kumhutubia kuhusu kamba tangu waliposhuka garini.

"Vitanzi hivi vya kuning'inizia nimevitengeneza kwa mkono wangu," alisema, akifunga bembea ya Nadine kati ya miti miwili. "Kamba ina uwazi ndani kama bomba, na ncha yake inaingia humo humo. Ukivuta hapa, kinafupika. Ukilala, kamba inaibana ile ncha, haitoki ng'o! Sayansi hiyo."

"Haya, profesa."

Nadine akajilaza, akafumba macho. Polepole, kwa adabu zote, sayansi ikaanza kumshusha. Makalio yakagusa majani makavu profesa akiwa bado anaeleza.

"Umekaa vibaya," Orville alisema.

"Nimekaa chini, Orville."

Akainuka kwa kushikilia mti, akakipapasa kile kitanzi. Nadine alikuwa mfumaji wa sweta tangu usichana. Vidole vyake havidanganywi na uzi. Sehemu ncha ilipomezwa ilikuwa ya upana wa vidole vinne tu, fupi mno kubanwa. Akaenda kwenye bembea ya mumewe, akapapasa. Shubiri nzima, na ziada.

"Mbona vyangu vimepunjwa?"

Orville angeweza kuisingizia mvua, au kiwanda cha kamba.

"Mzigo wako naubeba mimi," alisema mwishowe. "Nilipunguza gramu tatu."

"Gramu tatu! Yaani mimi na goti langu tumeshindwa na gramu tatu!"

"Nisamehe. Nimefanya ujinga. Usiondoke, Nadine. Nimechoka kuja huku peke yangu."

Nadine alifungua vitanzi vya Orville, akavifunga kwenye bembea yake, akamrushia vile vilivyopunjwa. Kisha akapanda, akajinyoosha. Bembea haikusogea hata chembe.

"Kwa hiyo huondoki?"

"Niondoke wakati mambo ndiyo kwanza yanaanza? Hebu funga yako, upande."

Orville akafunga, akapanda, akashuka polepole mpaka majani yakamkwaruza mgongo. Nadine alicheka hadi machozi yakamtoka, na Orville, chali pale chini, akaona hajawahi kuifurahia kazi yake mbovu kiasi kile.